Komeo la Ndani

Ukitaka kujua timu ya wasichana inathaminiwa kiasi gani, usihesabu vikombe. Uliza wanabadilishia nguo wapi. Uliza kama choo kina mlango, kama maji yanatoka, na kama aliyeteguka goti ana kitanda cha kulazwa au ataketishwa kwenye jiwe asuguliwe dawa huku timu nzima ya wavulana ikimtazama. Vikombe huwekwa ofisini kwa mwalimu mkuu na kila mgeni huvipiga picha. Choo hakuna anayekipiga picha.

Swali hili nimetembea nalo tangu nikiwa msichana wa shule huko Taita, lakini nililipatia maneno mwaka 2024, mbali na nyumbani, kwenye mji wa Norman katika jimbo la Oklahoma. Dada yangu ni nesi Oklahoma City, kilomita kama thelathini kaskazini mwa Norman. Ameishi huko miaka mingi, mpaka binti yake sasa anaota ndoto kwa Kiingereza. Binti huyo ana miaka kumi na mitatu na ni mrushaji wa softboli. Nilipoenda kuwatembelea, jambo la kwanza aliloniambia, hata kabla sijavua koti, ni hili: "Anti, lazima uone Love's Field." Mimi nikadhani ni kanisa.

Kumbe ni uwanja. Uwanja wa softboli wa wanawake wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, uliofunguliwa Machi mwaka huo huo. Uligharimu dola milioni 48 hivi. Kwa pesa zetu hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 6. Una nafasi ya watu 4,200. Jina limetokana na kampuni ya vituo vya mafuta, Love's, ambayo Tom na Judy Love waliianza mwaka 1964 kwa kituo kimoja tu katika mji mdogo wa Watonga. Leo madereva wa malori Marekani nzima wanakula na kuoga kwenye vituo hivyo, na familia hiyo ikatoa mchango mkubwa kwa ajili ya uwanja wa wasichana. Dada yangu alinieleza haya tukiwa kwenye barabara kuu, akinionyesha kituo chao kimoja kwa kidole. "Unaona hapo? Chai unayonunua hapo ndiyo inajenga dagauti."

Nilimuuliza dagauti ni nini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona softboli, kumbuka raunda. Kila mtoto wa shule ya msingi Kenya ameicheza: mawe manne au ndala nne chini, mpira wa plastiki na kamba, mmoja anarusha, mmoja anapiga, halafu ni mbio kuzunguka kabla hujapigwa na mpira. Softboli ni raunda iliyopewa sheria, helmeti na mwamuzi. Kila timu ina wachezaji tisa uwanjani. Vituo ni vinne na kutoka kimoja hadi kingine ni futi 60, yaani mita 18 na kitu. Mrushaji anasimama mita 13 kutoka kwa mpigaji na anarusha kwa chini, mkono ukizunguka kama pangaboi, na katika kiwango cha chuo mpira unaweza kufika kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Jina linasema laini lakini mpira si laini. Mzingo wake ni inchi 12, rangi yake ni manjano kali, na ukikupiga kwenye ubavu utakumbuka wiki nzima. Dagauti ndiyo kile kibanda kando ya uwanja wanapokaa wachezaji wakisubiri zamu zao.

Mchezo wenyewe ulizaliwa ndani ya jumba. Inasimuliwa kwamba mwaka 1887, Siku ya Shukrani, wanaume kadhaa walikuwa wamekaa kwenye klabu moja ya mashua huko Chicago wakingojea matokeo ya mechi ya Yale na Harvard. Matokeo yalipofika, mmoja kwa furaha akamrushia mwenzake glavu ya ngumi, naye akaipiga kwa fimbo. George Hancock akaifunga ile glavu kwa kamba zake mpaka ikawa kama mpira, wakachora mistari sakafuni, wakaanza kucheza. Jina "softball" lilikuja baadaye, mwaka 1926. Nimeipenda hadithi hii kwa sababu mchezo ulianza kama michezo yetu yote: kitu kilichokuwa karibu, kamba, na watu wasio na kazi.

Sasa turudi Norman.

Ardhi ya Oklahoma ni nyekundu. Hili hakuna aliyeniambia. Nilishuka kwenye gari nikaona udongo kando ya barabara ukiwa na rangi ile ile ya Voi, ile inayowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wamepakwa kutu, na kwa dakika moja sikujua niko wapi. Hata upepo ulikuwa wa Voi. Halafu ukavuma kwa nguvu zaidi nikakumbuka hii ni nchi ya vimbunga, na dada yangu amenifundisha chumba cha kukimbilia king'ora kikilia.

Uwanjani, ndani ya vituo vinne hakuna nyasi. Hiyo ni tofauti mojawapo na besiboli ya wanaume: kwao sehemu hiyo ina nyasi, na mrushaji anasimama juu ya kichuguu. Kwenye softboli sehemu ya ndani yote ni udongo mtupu, tena tambarare. Kwa hiyo udongo ndio kila kitu. Ukiwa mkavu sana mpira unaruka ovyo na kumvunja mtu meno. Ukiwa na maji mengi wanateleza. Kabla ya mechi niliwaona vijana wakiuburura kwa wavu mzito, wakaumwagilia kwa mpira wa maji, wakapima mistari kwa kamba na kuichora kwa chokaa. Walifanya kwa makini kama mtu anayepiga pasi shati la harusi. Nilitazama kazi ile kuliko nilivyotazama mechi. Sijawahi kuona watu wazima wakihangaikia kiasi hicho ardhi ambayo wasichana watakanyaga.

Vyumba vya ndani sikuingia, lakini mpwa wangu ana picha zote kwenye simu, kama wengine walivyo na picha za waimbaji. Chumba cha kuvalia, kila mchezaji na kabati lake. Chumba cha matibabu. Ukumbi wa mazoezi ulioezekwa, wa kupigia mipira hata theluji ikianguka. Mahali pa warushaji kupashia mikono moto bila kuwasumbua wengine. Alinipitisha picha moja moja, akinieleza matumizi. Hakushangaa hata mara moja. Kwake yeye hivi ndivyo uwanja wa wasichana unavyokuwa.

Na watu! Nilidhani tutakuwa na akina mama wa wachezaji na walimu wawili. Viti vilijaa. Kulikuwa na wasichana wadogo wenye riboni kubwa nyweleni na rangi nyeusi chini ya macho, kama askari wa sarakasi. Lakini walionishika macho ni wanaume. Wazee wenye kofia za ng'ombe, wavulana wa shule, baba na watoto wao wa kiume, wamevaa jezi zenye majina ya wanawake mgongoni. Walikuwa wamelipa. Walikuwa wakibishana juu ya mwamuzi. Dada yangu aliniona nikitazama akacheka. "Uliwahi kuona mwanamume wa kwetu akilipa kutazama netiboli?" Nikamwambia nimeona wakija bure, na si kwa ajili ya netiboli.

Mtu anaweza kuondoka pale akisema Wamarekani wana pesa, basi, na habari ikaishia hapo. Mimi pia ningeishia hapo, ila dada yangu ni mtu wa kuuliza. Wakati wa mapumziko alinisimulia timu hii ilikotoka.

Kocha wao ni Patty Gasso. Alipoichukua timu katikati ya miaka ya tisini, mechi za nyumbani zilichezwa Reaves Park, bustani ya umma ya mji. Chuo kilekile tayari kilikuwa na uwanja wa futiboli ya Kimarekani, ambao leo unabeba watu zaidi ya 80,000. Wasichana walicheza bustanini. Mwaka 1998 wakapata uwanja wao wenyewe, uliopewa jina la Marita Hynes, mwanamke aliyekuwa kocha wa timu hiyo zamani. Ulikuwa uwanja mdogo, viti havikufika elfu mbili. Mwaka 2000 wakawa mabingwa wa nchi. Wakarudia 2013, 2016, 2017, 2021, 2022 na 2023. Halafu ndipo milango ya Love's Field ikafunguliwa.

Hesabu mwenyewe. Ubingwa mara saba, ndipo nyumba.

Nyumba ilipofunguliwa, wageni ndio waliofaidi kwanza. Timu ilikuwa imeshinda mechi 71 mfululizo, na katika wikendi ile ile ya ufunguzi, tarehe 3 Machi 2024, Louisiana wakaja wakaikata hiyo rekodi mbele ya watu wote. Mpwa wangu husimulia siku hiyo kama msiba. Lakini Juni timu ikachukua ubingwa wa nane, wa nne mfululizo, jambo ambalo hakuna timu iliyowahi kulifanya kabla yao.

"Walishinda kwanza," dada yangu alisema. "Ndiyo wakajengewa. Nani alishawahi kuwaambia wavulana washinde kwanza?"

Kauli hiyo ilinikera kwa sababu ni kweli hata kwetu. Mvulana anajengewa uwanja ili aweze kushinda. Msichana anashinda ili aweze kujengewa uwanja. Na asiposhinda, anaulizwa mnataka uwanja wa nini?

Lakini kuna kitu kilichokuwepo kabla ya vikombe hivyo vyote, nacho ni sheria. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Nixon alitia sahihi sheria ya elimu ambayo ndani yake kulikuwa na sehemu ya tisa, Title IX. Kiini chake ni sentensi moja ya maneno 37: hakuna atakayebaguliwa kwa sababu ya jinsia katika shule au chuo kinachopokea pesa za serikali kuu. Sentensi hiyo haitaji mpira wala uwanja. Mmoja wa waliyoipigania ni Patsy Mink, mbunge wa Hawaii, ambaye ujanani alitaka kuwa daktari na vyuo vikamkataa kwa kuwa ni mwanamke. Alifariki mwaka 2002 na sheria ikapewa jina lake.

Nilichokipenda zaidi ni kanuni zilizoifuata mwaka 1975. Watu wa sheria huwa na lugha kavu, lakini hizi kanuni zimeandikwa kama orodha ya mama anayempeleka mtoto bweni. Vifaa. Ratiba ya mechi na mazoezi. Usafiri na posho ya safari. Makocha. Vyumba vya kubadilishia nguo, viwanja vya mazoezi na vya mashindano. Matibabu. Malazi na chakula. Kutangazwa. Mtu fulani alikaa chini akafikiria siku nzima ya mchezaji, toka anapoamka mpaka anapolala, akaandika kila mahali ambapo msichana anaweza kupunjwa. Ukisoma orodha ile unajua iliandikwa na mtu anayejua kwamba ubaguzi hauji na bango. Unakuja kwa saa ya mazoezi: wavulana saa kumi, wasichana saa kumi na mbili giza likiingia.

Mwaka wa shule wa 1971-72 wasichana waliocheza michezo katika shule za sekondari Marekani walikuwa chini ya 300,000. Leo ni zaidi ya milioni 3. Wasichana hawakubadilika. Miguu yao ni ile ile.

Na sheria haikujitekeleza yenyewe, hilo nalo niseme. Huko Chula Vista, California, wasichana wa shule ya sekondari ya Castle Park walikwenda mahakamani mwaka 2007 kwa sababu ya uwanja wao wa softboli, wakiulinganisha na ule wa besiboli wa wavulana. Kocha wao alifukuzwa baada ya malalamiko kuanza. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya rufaa, na mwaka 2014 wasichana wakashinda. Miaka saba. Waliofungua kesi walikuwa wameshamaliza shule zamani. Waliofaidi ni wadogo zao.

Hata kileleni mambo hayakuwa sawa. Machi 2021, kwenye mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo, mchezaji Sedona Prince aliweka video mtandaoni akionyesha chumba cha mazoezi walichopewa wanawake: kirundo kimoja cha vyuma vidogo. Wanaume walikuwa na ukumbi uliojaa mashine. Miezi michache baadaye watu wakageukia fainali za softboli, ambazo hufanyika Oklahoma City karibu kila mwaka tangu 1990. Ikasemwa wazi kwamba uwanja wa fainali, uwanja mkubwa uliotoka kuongezwa ghorofa ya viti, haukuwa na bafu za wachezaji. Fikiria. Watu elfu kumi na zaidi wana viti vya kukalia, na msichana aliyegaragara kwenye udongo mwekundu saa tatu anapanda basi na jasho lake. Uwanja huo leo unaitwa Devon Park, na softboli ya Olimpiki ya Los Angeles ya 2028 imepangwa kuchezwa hapo, mbali kabisa na Los Angeles, kwa sababu hakuna uwanja mwingine wa softboli unaoufikia kwa ukubwa.

Viti huletwa kwanza kwa sababu viti vinauzwa. Bafu haliuzwi.

Sasa nyumbani.

Shule niliyosoma iko mlimani. Ni ya kutwa, ya mchanganyiko, na kama unaijua Taita unajua kwamba ardhi tambarare ni mali kuliko ng'ombe. Uwanja wa mpira wa miguu ulichimbwa ubavuni mwa kilima na wazazi kwa harambee, majembe na toroli, mwaka ambao mimi sijazaliwa. Wazazi wale walijumuisha akina mama, na wengi walikuwa na mabinti. Uwanja ulipokamilika ukawa wa wavulana. Hakuna aliyetangaza. Uliku wa wavulana tu, kama jua lilivyo la mchana.

Netiboli tuliichezea nyuma ya jikoni. Ilikuwa sehemu ya kuegeshea lori la kuni. Siku ya Alhamisi lori likija, mazoezi yamekwisha. Siku nyingine tulicheza kwenye moshi. Upande wa chini hapakuwa na ukuta, na mpira ukitoka unateremka kupita migomba mpaka kwenye kijito, na aliyeukosa ndiye anayeufuata. Sisi tulikuwa hodari wa pasi fupi kuliko shule zote za wilaya, na sababu si kocha. Sababu ni kile kijito.

Tulibadilishia nguo darasani. Mmoja anashika mlango, wawili wanasimama dirishani wamefungua leso kama pazia. Ukiwa kwenye siku zako ulikuwa na njia mbili: uvumilie au useme unaumwa tumbo. Kulikuwa na msichana, mfungaji wetu bora, mrefu, mikono yake ilikuwa kama imetengenezewa goli. Kidato cha pili aliacha. Mwalimu wa michezo alimwita mvivu mbele ya gwaride. Ni sisi wenzake tu tuliojua kwamba siku moja leso ilianguka, na waliokuwa nje walicheka, na kicheko kile kikamfuata mpaka sokoni kwao. Hakurudi mchezoni. Leo ana duka la nguo Mwatate, tunasalimiana vizuri, na hatujawahi kuizungumzia siku hiyo.

Huyo ndiye niliyemfikiria Norman, nikipitishwa picha za makabati. Sikuwaza kwamba angekuwa bingwa wa dunia. Labda angefika kaunti, labda angeishia hapo hapo. Niliwaza tu kwamba aliondolewa na kitu kinachouzwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Serikali yetu si kwamba haijui. Katiba ya 2010, ibara ya 27, inasema wanawake na wanaume wana haki ya nafasi sawa. Mwaka 2017 ikapitishwa sheria kwamba wasichana wa shule wapewe sodo bure, pamoja na mahali salama pa kuzitupa. Maneno tunayo. Viwanja navyo tumeahidiwa katika kila kampeni. Pale Iten, kwenye mji uliolea mabingwa wa dunia, uwanja wa Kamariny ulifungwa ili ukarabatiwe na ukakaa miaka na miaka bila kukamilika, huku wakimbiaji wakitafuta pa kukimbilia. Kama bingwa wa Iten anasubiri hivyo, mchezaji wa netiboli nyuma ya jikoni atasubiri mpaka lini? Ndiyo maana siamini tena njia ya kushinda kwanza. Kamariny walishinda kwanza, jameni. Walishinda sana.

Dada yangu na mimi tulibishana usiku ule, tukirudi. Mpwa alikuwa nyuma amelala, au amejifanya amelala, glavu kifuani. Dada analipa pesa nyingi kila mwezi: timu ya nje ya shule, usafiri, viatu, kocha wa kurusha. Anafanya zamu za usiku kwa ajili hiyo.

"Nikikaa kwenye zamu saa tisa usiku," alisema, "najiuliza, hivi mimi ni mama au ni mdhamini? Chuo kinatoa nafasi ngapi? Na watoto wangapi wanazitaka? Mchezo utaisha, mdogo wangu. Goti likienda, umekwisha. Digrii haina goti."

Nikamwambia: sasa kwa nini unalipa?

Alinyamaza mpaka tukapita taa mbili. Kisha akasema, "Kwa sababu anaingia uwanjani kama ni kwake. Mimi na wewe hatujawahi kuingia mahali popote hivyo. Hata kanisani tunakaa nyuma."

Kutoka nyuma ya gari sauti ikasema kwa Kiingereza kwamba goti lake liko sawa, asanteni.

Sina jibu la ubishi ule. Kuna wazazi huko wanaoweka rehani nyumba kwa ajili ya ndoto za mtoto wa miaka kumi, na kile kiwanja cha mabilioni kinawavuta kama taa inavyovuta kumbikumbi. Kitu kizuri kikijengwa juu kabisa, chini pia panakuwa na biashara. Sitaki tuige hilo. Lakini maneno ya dada yangu, kuingia mahali kama ni kwako, hayo niliyapakia kwenye begi nikarudi nayo.

Kwa sababu kwetu nina kiti. Miaka mitatu sasa niko kwenye bodi ya ile shule ya mlimani. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata safari yangu tulikaa kugawa pesa za kikundi cha wanafunzi wa zamani. Hazikuwa nyingi. Pendekezo lililokuwa mezani ni kuweka magoli mapya ya chuma kwenye uwanja wa mpira na kusawazisha kona inayokusanya maji. Nikaomba badala yake tujenge chumba cha kubadilishia nguo cha wasichana, chenye vyoo viwili, tangi la maji na mahali pa kuchomea sodo, kando ya uwanja mkubwa, na uwanja huo ugawanywe kwa ratiba: siku mbili wavulana, siku mbili wasichana, Ijumaa mechi.

Mzee mmoja wa bodi, mtu ninayemheshimu, aliyeshika jembe siku za ile harambee, alikohoa akasema kwa upole, "Mama, wazo ni jema. Lakini wasichana wetu hawajafika hata fainali za kaunti ndogo. Wafike kwanza, tuwajengee."

Nilimjibu kwa heshima zote. Nikamwambia, "Mzee, ninyi mlipochimba uwanja huu, wavulana walikuwa wameshinda nini?"

Akacheka. Alikuwa mkweli. "Hawakuwa hata na mpira," akasema. "Tulinunua mpira baada ya uwanja."

Sikuwatajia Oklahoma wala bilioni 6. Ningewataja wangeniona nimerudi na majivuno ya ng'ambo, na pia si haki kuilinganisha shule ya kutwa na chuo chenye vituo vya mafuta nyuma yake. Nilichowaletea ni orodha tu, kama ile ya 1975, kwenye karatasi moja: vifaa, saa za mazoezi, usafiri, kocha, chumba, uwanja, matibabu. Mbele ya kila kitu nafasi mbili, wavulana na wasichana. Nikaomba tujaze pamoja. Kwenye usafiri tuliandika kwamba wavulana hupanda basi la shule na wasichana hupanda pikapu ya mwanabodi. Mwenye pikapu alikuwa amekaa hapo hapo. Kwenye matibabu tuliandika sufuri mara mbili, na hilo likasaidia, kwa sababu watu waliona kwamba orodha haina upendeleo. Tulipomaliza kujaza hapakuwa na haja ya hotuba.

Tukakubaliana nusu kwa nusu. Magoli yatachomelewa upya badala ya kununuliwa. Kona itachimbwa mtaro na wanafunzi wenyewe. Chumba kitajengwa kwa matofali ya kufyatua, na tangi ni la lita elfu tano. Msingi umechimbwa tayari, upande wa juu wa uwanja, si nyuma ya jikoni. Mabati bado. Ratiba ya siku mbili mbili imeanza kabla ya chumba, na wavulana walinuna kwa muda kidogo kisha wakaanza kuja kutazama. Hawalipi, lakini wanabishana juu ya mwamuzi.

Kabla fundi hajaanza kuta tulimwomba mwalimu awaulize wasichana wanataka nini ndani. Tulitegemea vioo, labda rangi. Mwalimu alileta karatasi yenye mistari michache. Walitaka misumari ya kutundika mikoba ili isikae kwenye maji. Walitaka dirisha liwe juu, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Na mstari wa mwisho, uliopigwa kistari chini mara mbili, ulisema: komeo, liwe upande wa ndani.

Fundi alisoma akaniambia hiyo si shida, komeo ni shilingi mia mbili hamsini.